Mwalimu na simu yake: nani apokewe barazani, nani aingie sebuleni

"Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Tanga, upande wa Pongwe. Mwaka jana nilifungua kundi la WhatsApp la kidato cha tatu, nikaweka namba za wazazi na za wanafunzi wachache wanaotumia simu nyumbani, ili nitume maswali ya marudio na matangazo. Darasa lina wanafunzi 72, kundini kuna namba 47. Mwanzoni lilinisaidia sana. Sasa baba mmoja huniandikia hadi saa tano usiku akiuliza kwa nini mwanawe amepata alama ndogo, na nisipojibu husema mbele ya wote kwamba nimesoma nikanyamaza. Niliweka picha za wanafunzi wakiangalia seli za kitunguu kwenye hadubini, mzazi mmoja akalalamika. Wanafunzi wananiomba urafiki Facebook, ambako nina picha za harusi ya mdogo wangu na maneno niliyoyaandika tangu nikiwa chuoni. Mkuu wa shule ameniambia nifunge kila kitu. Mwalimu mwenzangu ananiambia nifungue chaneli ya YouTube nijulikane. Je, mwalimu ajitoe mitandaoni kabisa, au ipo namna ya kuitumia kwa heshima ya kazi? Halafu juzi binti mmoja aliniandikia usiku kwa simu ya shangazi yake: 'Mwalimu, nina shida nyumbani, naomba usimwambie mtu.' Sijamjibu, sijui nimjibu nini."

Mwalimu mwenzangu, umeuliza mengi na nitajitahidi kuyapitia, lakini ninaanza na lile uliloliandika mwisho, kwa sababu hilo halingoji. Binti huyo amekuchagua wewe miongoni mwa watu wazima wote anaowajua, na kila siku inayopita bila jibu yeye huihesabu. Hata hivyo, usimwulize chochote kwenye simu ile. Simu ni ya shangazi. Ujumbe ukiingia, maneno yake ya mwanzo mara nyingi huonekana juu ya kioo hata simu ikiwa imefungwa, nasi hatujui kama shida anayoisema haimo ndani ya nyumba hiyo hiyo. Mwandikie sentensi moja isiyofichua kitu: "Tuonane kesho shuleni kabla ya kipindi cha kwanza." Kisha fika mapema, umchukue mahali mnapoonekana na watu lakini hamsikiki, kama vile chini ya mti uwanjani au mwisho wa veranda, na mwalimu wa ushauri nasaha awe ameshajua kwamba uko naye.

Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Ndilo aliloliomba, na najua moyo wa mwalimu unavyotaka kumtuliza kwa kusema kwamba jambo litabaki baina yenu wawili, lakini hiyo ni ahadi usiyoweza kuitimiza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo, na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18. Mwambie ukweli: utawaeleza wale tu wanaoweza kumsaidia, na utamtajia yeye kwanza kwamba ni akina nani. Atakachokusimulia kikihusu kupigwa, kuguswa vibaya, kuozeshwa au kutishwa, siku hiyo hiyo lifikisheni kwa mkuu wa shule na kwa afisa ustawi wa jamii, na ikibidi mfuatane naye hadi Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure. Ujumbe wake usiufute wala usimtumie mtu mwingine, hata mwalimu unayemwamini. Mwenye haki ya kuuona auone kwenye simu yako, ikiwa mkononi mwako.

Sasa nirudi kwenye swali lako kubwa. Unachouliza, kama nimekuelewa, ni iwapo mwalimu anaweza kuwa mtandaoni bila kupoteza heshima yake, usingizi wake na usalama wa watoto aliokabidhiwa. Mkuu wako amejibu kwamba haiwezekani, funga. Mwenzako amejibu kwamba heshima yenyewe ndiyo inayopatikana huko, fungua zaidi. Mimi naona wote wawili wameitazama simu kama kitu kimoja chenye mlango mmoja, ama uwe wazi ama uwe umefungwa, na hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Fikiria kazi yetu ilivyokuwa kabla ya simu hizi. Ulichowaambia kidato cha tatu saa nne asubuhi hakikumfikia baba aliyeko baharini upande wa Sahare. Ulichomwambia dada yako mkichambua mchele uani hakikufika darasani. Malalamiko ya ofisi ya walimu yaliishia ofisini, na kengele ya mwisho ilipogongwa, kazi ilibaki shuleni pamoja na chaki. Hatukuwa na hekima kubwa kuliko ninyi vijana; tulikuwa na kuta, na saa, na umbali, navyo vilitutenganishia watu bila sisi kufanya lolote. Simu imeziondoa kuta hizo. Mwanafunzi, mzazi, mwalimu mwenzako, shemeji yako na mtu usiyemjua wote wanasimama kwenye kizingiti kimoja kwa wakati mmoja, na neno lako haliishii hewani kama lilivyokuwa likitamkwa, bali linabaki limeandikwa na kila mmoja ana nakala yake.

Dawa yake, kwa maoni yangu, watu wa pwani wanaijua tangu zamani, kwani nyumba zetu zimejengwa hivyo. Apitaye njia hupokewa barazani, akapewa hata kahawa, na hajioni kuwa amedharauliwa. Aliyepiga hodi akajibiwa karibu huingia sebuleni. Uani ni kwa wenye nyumba. Mwalimu anayetumia mitandao kwa heshima ni yule aliyeamua kwa makusudi kila chombo chake ni chumba gani, nani anaingia na nani haingii, badala ya kumwachia mtengenezaji wa programu amwamulie. Kundi lako limekuchosha kwa sababu limekuwa baraza, sebule na ua kwa pamoja.

Tulitazame kundi lenyewe, maana ndilo lenye mambo mengi. Katika kundi la kawaida la WhatsApp, kila aliyemo huziona namba za wote. Kwa hiyo siku uliyowaingiza wanafunzi wachache pamoja na wazazi, uliwapa watu wazima 40 na kitu, ambao wengi wao huwajui kwa sura, namba za wasichana wa kidato cha tatu. Hukukusudia ubaya, na huenda hakuna lililotokea, lakini ningekuomba uwatoe wanafunzi wote leo, kwa maelezo mafupi na ya upole, hata wale wenye simu zao. Tena namba hubadilisha wenyewe: laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye hupewa mteja mwingine. Kila mwanzo wa muhula kaa na rejista ya darasa, pitia namba moja moja, na usiyemtambua mpigie simu umuulize yeye ni mzazi wa nani.

Jambo la pili ni kufuta. Walimu wengi huamini kwamba wakifuta ujumbe kwa wote, umekwisha. WhatsApp inakuruhusu kufanya hivyo kwa muda wa siku mbili hivi baada ya kutuma, lakini picha ambayo simu ya mpokeaji imeshaihifadhi yenyewe, au aliyoisambaza, au aliyoipiga picha kutoka kwenye skrini, hiyo huifikii tena. Na namba 47 si watu 47, kwani simu nyingi majumbani kwetu ni za familia nzima: mama anasoma, kaka anasoma, na mtoto anayecheza gemu anaona kila kinachoingia.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nilijifunza kwa kumuumiza mtoto wa watu. Mwaka 2016, nikifundisha Fizikia katika shule moja ya mkoa huu, nilipiga picha karatasi ya matokeo ya nusu muhula, yenye majina 58 yaliyopangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, nikaituma kwenye kundi la wazazi baada ya magharibi. Karatasi hiyo hiyo ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo tangu mchana, hakuna aliyelalamika, nami nikaona ni kitu kile kile. Asubuhi yake binti aliyekuwa wa 58 hakuingia darasani. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, amechuchumaa, mtandio ameuvuta hadi kwenye macho, na daftari la Fizikia amelikunja kama neli ndani ya ngumi. Ilichukua muda hadi akazungumza. Alipokwenda kununua vitumbua vya nyumbani kwao alfajiri, muuzaji alikuwa amemwita "hamsini na nane" mbele ya wateja. Muuzaji yule hakuwa mzazi wa darasa langu, wala hakuwamo kundini.

Nilimwomba radhi, nikaenda kwao nikamwomba radhi na mama yake, na wazazi wa kundini nikawaomba waifute picha. Lakini niliowaomba ni wale ambao tayari walikuwa wameisoma. Ubaoni karatasi husomwa na aliyesimama mbele yake, kisha jua na mvua huimaliza. Kundini ilipata miguu. Siku hizi naamini kwamba hata ubaoni isingepaswa kuwekwa na majina, ila hilo ni la siku nyingine. Kwako wewe kanuni ni kwamba alama, nidhamu, ada na afya ya mtoto huzungumzwa na mzazi wake peke yake, na kwa sauti au ana kwa ana kadiri inavyowezekana.

Ufanyeje basi na kundi? Lipo chaguo la kulifanya la upande mmoja, yaani kurekebisha mipangilio ili wasimamizi peke yao ndio watume ujumbe. Utapata utulivu mara moja, lakini utapoteza yale mazuri ambayo huenda umeyaona, kama wazazi kusaidiana kuhusu vitabu, na namba bado zitaonekana. Lipo chaguo la orodha ya matangazo, ambapo unaandika mara moja na kila mzazi anapokea kama ujumbe wake binafsi, hamwoni mwingine, na akijibu anakujibu wewe tu. Udhaifu wake ni kwamba ujumbe huo humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, jambo ambalo walimu wengi hawalijui, wakadhani wazazi wanapuuza. Na lipo la chaneli ya WhatsApp, ambayo wafuasi wake hawaonani namba wala hawaioni ya mwenye chaneli, lakini hiyo ni baraza kweli kweli, mtu yeyote mwenye kiungo anaweza kuingia. Inafaa maswali ya marudio, haifai tangazo la kwamba darasa litakwenda Mapango ya Amboni Jumamosi na saa watakayoondoka. Kwa hali yako ningechagua orodha ya matangazo, na kwenye kikao cha wazazi ningewaomba wote watoe simu pale pale wahifadhi namba itakayotuma matangazo hayo.

Lakini kabla ya kuchagua chombo, tazama hesabu uliyoniandikia mwenyewe. Darasa ni watoto 72 na namba ni 47. Hata kama kila namba ingekuwa ya nyumba yake, nyumba 25 hazimo. Watoto hao si wazembe. Huenda simu ya nyumbani ni ya vitufe, au ni simu janja lakini haina bando, au inaondoka alfajiri na baba inarudi usiku. Ukituma maswali ya marudio kundini na mtihani ukayafuata, umeshawapima kwa simu za wazazi wao. Kwa hiyo kila unachotuma usiku kiwe kimebandikwa ubaoni asubuhi, na lisiwepo zoezi lolote lenye alama linalopatikana mtandaoni tu. Unapotuma, andika maswali kwa maneno badala ya kupiga picha ukurasa, kwa maana maneno hayali bando. Na maelezo marefu yaseme kwa sauti, kwani dakika moja ya ujumbe wa sauti haifiki hata nusu ya megabaiti, ilhali dakika moja ya video humaliza mara nyingi zaidi ya hapo.

Kuhusu picha za maabara, nadhani mzazi aliyelalamika amekusaidia. Chukua mojawapo ya picha hizo uikuze kwa vidole viwili. Utaona nembo ya shule kwenye shati. Utaona jina kamili kwenye jalada la daftari lililoachwa mezani. Ukutani nyuma pengine kuna ratiba, yenye saa za kuingia na za kutoka. Mtu mwenye nia mbaya anayetafuta msichana wa miaka 15 hahitaji zaidi ya hapo: jina, shule, sura na saa ya kutoka. Halafu picha yenyewe inaweza kubeba mahali ilipopigwa ndani ya faili lake. WhatsApp huziondoa taarifa hizo ukituma kama picha ya kawaida, ila ukiituma kama dokumenti ili isipoteze ubora, zinakwenda nayo.

Sheria nayo imebadilika, na shule nyingi bado hazijaizoea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa miongoni mwa taarifa nyeti, na ipo Tume inayoisimamia. Kusema kwamba "mtoto alifurahi kupigwa picha" hakutoshi. Ridhaa ni ya mzazi au mlezi, naye aelezwe picha itawekwa wapi na kwa ajili gani, na awe huru kukataa bila mtoto wake kutengwa. Tengenezeni fomu ya ukurasa mmoja isainiwe mwanzoni mwa mwaka. Lakini mimi ningekwenda mbali zaidi ya fomu. Kilichokuwa cha thamani siku ile kilikuwa kile kilichoonekana ndani ya hadubini, na nyuso za watoto hazikuongeza kitu kwenye somo. Ukiweka lenzi ya simu kwa utulivu juu ya kioo cha jicho cha hadubini utapata zile seli za kitunguu zimepangika kama matofali, na hiyo ni picha ambayo mwalimu wa Handeni au Kilindi asiye na hadubini ataishukuru. Piga mikono, piga vifaa, piga mchoro uliochorwa vizuri baada ya kulifunika jina.

Baba wa saa tano usiku tusimfanye adui. Huenda ndio wakati anaopata nafasi, na anachouliza ni haki yake kukijua. Kosa liko kwenye saa na mahali. Zile tiki mbili za buluu ndizo zinazomfanya aone kuwa amedharauliwa: anajua umesoma, hajui kwamba ulisoma ukimbembeleza mtoto alale. Unaweza kuzizima katika mazungumzo ya watu wawili, lakini kwenye makundi hazizimiki, kwa hiyo usitegemee hilo. Njia bora ni kuwa na laini ya pili iliyosajiliwa kwa jina lako, kwa ajili ya kazi tu, ukaiweka kwenye WhatsApp Business, ambayo ni ya bure na inakaa kwenye simu hiyo hiyo pamoja na ile ya kawaida. Programu hiyo inakuwezesha kuweka saa zako za kazi na ujumbe unaojituma wenyewe mtu akikuandikia nje ya saa hizo. Uandike kwa adabu: "Nimepokea ujumbe wako, nashukuru. Najibu siku za shule kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Kwa dharura ya mwanafunzi, tafadhali piga namba ya shule." Kisha huyo baba mpigie wewe, mchana, umwite shuleni, umfungulie daftari la mwanawe na karatasi ya mtihani mezani, mpitie swali kwa swali. Nimeona wazazi wakali wengi. Aliyeonyeshwa karatasi ya mwanawe kwa heshima ni wachache sana wanaorudi na ukali ule ule.

Facebook ni jambo fupi. Akaunti yako ya sasa ni ua, ibaki ua. Wanafunzi wasikubaliwe humo, yeyote yule, hata aliye mtoto wa jirani, na sababu waelezwe wote darasani siku moja ili asijione mmoja kwamba amekataliwa: mwalimu hana urafiki wa mtandaoni na mwanafunzi mpaka amalize shule. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuzibana posti zote za zamani kwa mara moja ili zionwe na marafiki tu, itumie. Baada ya hapo keti siku moja upitie ulichoandika tangu chuoni, kwa sababu hata marafiki huwa na watoto. Picha za harusi ya mdogo wako hazina aibu yoyote. Maneno ya hasira kuhusu kazi, kuhusu mzazi fulani au kuhusu mshahara, hata bila kutaja jina, hayo ondoa.

Mkuu wako anayekutaka ufunge kila kitu ana sababu, na nakuomba usiende kwake kama mshindani. Likitokea la kutokea, Afisa Elimu atampigia yeye, hatakupigia wewe. Anachokosea ni kudhani kwamba kundi likifungwa mawasiliano yatakoma. Wazazi watafungua lao, wewe hutakuwemo, na uvumi utakosa wa kuusahihisha. Mpelekee karatasi moja yenye mambo machache: kwamba chombo kitakuwa cha shule wala si chako, kwamba mwalimu wa taaluma ataonyeshwa kila kinachotumwa, kwamba hakitakuwa na wanafunzi, alama wala nyuso, na saa zake ni zipi. Akisema bado hapana, tii, na umwombe sababu kwa maandishi ili mzungumze tena muhula ujao. Kazi ya umma ina ngazi zake, na simu haitupi ruhusa ya kuziruka.

Nimebakiza ushauri wa mwenzako kuhusu YouTube. Hapa nitakushangaza, kwa maana sipingi. Napinga neno "nijulikane". Anayefungua chaneli ili ajulikane mapema sana ataishiwa masomo na kuanza kuwatumia watoto: watoto wakicheza, watoto wakikosea, watoto wakilia. Anayefungua kwa sababu ana kitu cha kufundisha hana haja hiyo. Wewe ni mwalimu wa Baiolojia Tanga. Samaki aitwaye silikanti alijulikana kwa mabaki ya kale yaliyogeuka mawe tu, wataalamu wakaamini ametoweka tangu miaka milioni 65 hivi iliyopita, mpaka alipopatikana akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Na kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania, wengi wao wa huku kwetu, wakaanza kumnasa kwenye nyavu za jarife zilizozamishwa kwenye maji ya kina, hata mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Yale mapezi yake yenye nyama na mifupa, mfano wa viungo vya wanyama wa nchi kavu, ni somo la mageuko ya viumbe ambalo mtoto wa kidato cha nne wa Bukoba hulisoma kitabuni kwa Kiingereza bila kuliona. Wewe unaweza kulieleza kwa Kiswahili safi kwa dakika sita, ukiwa umesimama ufukweni, na asiwepo mwanafunzi hata mmoja kwenye picha. Fanya vivyo hivyo kwa mikoko na mizizi yake inayochomoza juu ya matope ili ipate hewa. Hiyo ndiyo baraza ya mwalimu, na mimi nitakuwa wa kwanza kuketi.

Kabla ya kuanza, iulize Mamlaka ya Mawasiliano kama maudhui ya aina yako yanahitaji leseni, kwa kuwa zipo Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020 na zimefanyiwa marekebisho. Pia mwarifu mwajiri wako. Usisome kurasa za vitabu vya watu mbele ya kamera, tengeneza michoro yako. Na usisahau kwamba mtandao ni wa kuchota kabla ya kuwa wa kumwaga: maonyesho ya sayansi ya PhET, yaani majaribio ya kuigizwa kwenye kompyuta, yaliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder mwaka 2002, ni ya bure, na mengi unaweza kuyapakua siku yenye intaneti ukayafungua darasani siku isiyo na intaneti.

Yapo mambo ambayo usihangaike nayo peke yako kwenye simu. Mtu akikuomba umtumie namba ya tarakimu sita uliyoletewa kwa ujumbe, hata akiandika kwa jina la mkuu wako, anataka kuichukua akaunti yako. Usimpe, washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada unayoiweka mwenyewe, na namba yake itume 15040, ambayo ni ya kuripoti utapeli wa simu. Ukiona akaunti inayotumia jina na picha yako, au mtu akikutishia kuchapisha kitu, hifadhi ushahidi, mwambie mkuu wa shule siku hiyo hiyo, na nenda polisi na simu yenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayashughulikia hayo. Ikitokea picha ya utupu ya mwanafunzi inasambaa, usiipokee ili "uhakikishe", usiipeleke kwa mtu yeyote kwa sababu yoyote ile, na ufike kituoni kabla ya kuzungumza na mtu mwingine.

Laini ya pili unaweza kuisajili Jumamosi. Wanafunzi watoe kundini leo, na kundi lenyewe libadilishe Jumapili, ukishapata idhini ya mkuu juu ya utaratibu mpya. Sentensi moja kwa yule binti itume leo, kabla ya jua kuzama, na kesho uwe shuleni kabla yake.